Friji ya Shemeji Haitaki Safari

Mtu akirudi kutoka Dubai huleta manukato, akirudi kutoka Maskati huleta halua, na hata akitoka Nairobi tu huona haya kuingia mikono mitupu. Shemeji yangu alirudi kutoka Kikambala na gari lenye friji inayotumia moto.

Sikutanii. Mjerumani mmoja aliyekuwa akiishi huko alichoshwa na joto letu akaamua kurudi kwao, na shemeji, ambaye hajawahi kuona kitu cha bei ya kutupa akakubali kitupwe, akalinunua gari lake. Ni gari la miaka ya themanini, la yale yaliyogeuzwa nyumba kwa ndani: kitanda cha kukunjua, jiko la meko mawili, karai la kuoshea vyombo, makabati ya mbao yaliyovimba kwa unyevu, na chini ya kabati la mwisho kijifriji kinachomfika mtu magotini. Jina la kiwanda lilishaliwa na kutu zamani. Mpango wa shemeji ni kuwapeleka watalii Tsavo, walale humo humo, wanywe soda baridi katikati ya nyika bila kuulizana stima iko wapi. Nikamuuliza, na friji je, yafanya kazi? Akanijibu yataka kuangaliwa kidogo tu.

Watu wa ukoo huu wakisema kidogo tu, mimi hutafuta nguo za kazi. Na mniulize tangu lini nikawa fundi wa friji. Cheo hiki nilitunukiwa siku niliyombadilishia mama mkwe regyuleta ya mtungi wa gesi na nyumba isilipuke. Tangu hapo chochote chenye mpira na mtungi ndani ya Kibokoni na viunga vyake ni cha kwangu, sina rufaa.

Taabu ya kwanza hata haikuwa friji. Taabu ilikuwa kulifikisha gari nyumbani. Vichochoro vya Mji wa Kale vilipimwa kwa punda aliyebeba mzigo, na akitokea punda wa pili mmoja hurudi kinyumenyume. Gari lenye paa la kuinuka halina haki humo. Lilipita Ndia Kuu kwa mwendo wa bibi harusi, madirisha yakifunguliwa juu, kina mama wakichungulia kupitia roshani za mbao kuona ni nani kaletewa gari la maiti au la sinema. Hatimaye likaegeshwa kwenye uwazi ulio nyuma ya nyumba ya mama mkwe, pale ardhi inapoanza kuteremkia bandari ya kale. Shikeni hilo neno la kuteremka. Lilikuja kunila siku nzima.

Tulianza kama wanavyoanza watu wenye akili: tukaita fundi. Alikuja na tuktuk, kabeba geji zake, mipira yake ya rangi mbili na mtungi wake wa kujazia, maana dawa ya kila friji Mombasa inajulikana kabla mgonjwa hajaonekana: inataka kujazwa gesi. Akalala chali, akatia kichwa nyuma ya kabati, akakaa huko kitambo. Alipotoka alinitazama mimi, si friji.

"Shekhe, kompresa mumeiuza?"

"Haikuwa nayo."

"Friji nzima haina kompresa?"

"Ndivyo ilivyoundwa."

Akavuta pumzi, akamgeukia shemeji kwa sauti ya mtu anayeficha aibu ya wengine. "Basi mimi nitawatilia kompresa. Kuna moja ninayo, imetoka kwa friji ya soda." Tulimlipa pesa ya kuangalia, akaondoka, na hadi leo nikipita karibu na duka lake naona akiwanong'oneza wateja, nao wananitazama vile vile alivyonitazama yeye.

Kazi ya kuwaelimisha majirani ikaniangukia mimi. Friji hii, niliwaambia barazani, ndani ya mabomba yake mna maji, amonia na haidrojeni, vilitiwa kiwandani vikachomelewa humo. Hakuna fundi wa kuongeza wala kupunguza. Unawasha kijimoto chini ya bomba moja. Amonia inatoka kwenye maji ikiwa mvuke, inapanda, inapoa kwenye mapezi ya nyuma na kuwa majimaji, kisha inashuka mpaka kwenye kijisanduku cha barafu, ambako haidrojeni inaingoja. Ikikutana nayo inageuka mvuke tena, na katika kugeuka huko inachukua joto lote la samaki wako. Halafu inarudi kunyonywa na maji, mzunguko unaanza upya. Hakuna mota, hakuna feni, hakuna kinachozunguka, hakuna sauti.

Muuza kahawa aliniangalia huku akigonga vikombe vyake.

"Kwa hivyo mimi nikoke moto nipate barafu?"

"Ndiyo."

"Na nikitaka kupika uji, nitatia barafu tini ya sufuria?"

Baraza zima likacheka mpaka mtu akamwaga kahawa. Nikaona niwalete mashahidi. Nikawaambia waliovumbua chombo hiki mwaka 1922 walikuwa vijana wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, wangali wanafunzi wa chuo cha ufundi Stockholm. Kwamba kampuni ya Electrolux iliuona mradi wao ikaununua mwaka 1925. Kwamba Einstein, yule yule wa nywele, pamoja na mwenzake Leo Szilard walipewa hataza huko Marekani mwaka 1930 kwa friji ya ukoo huu huu usio na kitu kinachozunguka. Muuza kahawa akauliza kama huyo Einstein ana fundi wake hapa kisiwani.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja ambaye kwa kawaida huja barazani kusinzia. Kumbe ujana wake wote aliufanyia kazi zahanati huko Mto Tana, enzi ambazo umeme ulikuwa hadithi ya watu wa mjini, na chanjo za watoto zilikaa ndani ya friji ya mafuta ya taa. "Ni hino hino," akasema bila kufungua macho vizuri. "Yetu ilikuwa na utambi. Ukiupandisha utambi, masizi. Ukiushusha, chanjo zaharibika. Nimelala na friji miaka kuliko nilivyolala na mke wangu." Chanjo zinataka nyuzi 2 hadi 8, si chini si juu, na mzee huyu alizitafuta nyuzi hizo kwa kuchungulia rangi ya moto kila asubuhi kabla ya chai. Kuanzia hapo nikawa na mshauri. Muuza kahawa naye akawa na mtu mwingine wa kumcheka.

Sasa tuje kwenye gesi yenyewe. Mtungi wa Mjerumani ulikuwa mtupu, na nati inayoushika mpira imekatwa uzi wa kushoto, yaani wafunguliwa kule ambako sisi twafungia. Vijana wa mtaa walivua mashati mmoja baada ya mwingine kuifungua, na kila mwenye nguvu zaidi aliikaza zaidi. Tulipoitoa tukagundua haikubali kushikana na mtungi wowote unaouzwa hapa. Ni kichekesho, maana gesi ni ile ile inayoshushwa na meli hapa hapa bandarini kwetu, mchanganyiko wa propani na butani. Huko kwao wakati wa theluji butani hulala ndani ya mtungi ikakataa kutoka, ndiyo maana wanapenda propani tupu. Hapa kwetu hakuna gesi inayolala. Hapa hata sisi hatulali.

Shemeji akanunua mtungi wa kilo 6, regyuleta ya jiko la nyumbani na mpira mpya. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, maana gesi inayovuja haina shemeji, kisha nikawasha. Moto ukatokea, mdogo, wa manjano, unatetemeka. Tukaungoja usiku kucha. Asubuhi friji ilikuwa na joto kuliko gari.

Hapo ndipo nilipopata ushauri wa bure. Mombasa mtu akikosa maji, atakosa. Akikosa ushauri, huyo si mkaazi. Wa kwanza akasema tuiwekee chumvi. Wa pili akasema hewa ya bahari haipatani na vyombo vya Kizungu. Mtoto wa jirani akaleta sindano ya cherehani ya mamake ili tuzibue tundu la gesi, na huyo nilimfukuza, maana tundu lile ni dogo kuliko ncha ya sindano. Ukilichokoa unalipanua, na moto wake hautakuwa wa kupoza tena bali wa kuchoma gari. Hulowekwa kwenye spiriti, hupulizwa, basi. Shemeji naye mchango wake ulikuwa kusimama nyuma yangu na kurunzi akimulika mahali ambapo siangalii.

Nilipofungua mlango wa moto kwa nje nilikuta ukoo mzima wa buibui wa miguu minane wamejenga ndani ya bomba la gesi, vizazi juu ya vizazi. Nilipopandisha mkono kwenye dohani nikautoa ule utepe wa bati uliosokotwa, unaoning'inia humo ili joto lisikimbie upesi, na pamoja nao yakashuka masizi ya miaka. Upepo ulikuwa umeanza. Masizi yakapanda, yakageuka, yakaenda moja kwa moja kwenye kamba ambapo mama mkwe alikuwa ameanika kanzu nyeupe za Ijumaa.

Sitasema alichosema. Alikisema kwa adabu, na ndiyo maana kiliuma.

Nyuma ya friji mna matundu ya kupitisha hewa, na mtu, nadhani kwa ajili ya mbu, alikuwa ameyaziba kwa magazeti ya Kijerumani. Friji za namna hii huzidi kuchoka kadiri joto la nje linavyopanda, sasa fikiria umeizibia pua halafu unailaumu mwezi wa Machi Mombasa. Nikayang'oa yote. Zaidi ya hapo, kuyaziba ni hatari tupu: moto wowote unaowaka bila hewa ya kutosha hutoa moshi usioonekana wala kunusika, na watu hulala wasiamke.

Chini ya magazeti ndipo nilipoona kibati cha kiwanda. Kimeandikwa milibari 50. Magari mengi ya zamani ya Ujerumani yaliundwa kwa presha hiyo, na regyuleta ya jiko la nyumbani hutoa karibu 30. Yaani friji ya watu ilikuwa ikilishwa nusu shibe na sisi tukiiita mvivu. Tuliipata regyuleta yake kwenye duka moja linalouza vifaa vya jikoni vya mahoteli, kwa bei iliyomfanya shemeji anyamaze mpaka tukapita Marikiti.

Moto sasa ukawa wa buluu, umesimama, una sauti ndogo ya kunong'ona. Na bado haikupoa.

Mzee wa zahanati akafungua jicho moja. "Igeuzeni kitwa tini."

Nilidhani ni usingizi. Lakini kumbe ndiyo tiba ya zamani ya friji zilizokaa miaka bila kuwashwa: vilivyomo ndani hujitenga, kila kimoja kikakaa pake, na ukiipindua ikalala hivyo masaa kadhaa vinachanganyika upya. Ndani ya gari hapakuwa na nafasi ya kuipindua. Ikabidi tuing'oe, tuipeleke uani kwa mama mkwe, mlango wa pili, kupitia kichochoro. Vijana wanne wakaibeba mabegani. Mama mkwe, ambaye hakutaka masizi zaidi ndani ya maisha yake, akaifunika shuka nyeupe.

Naomba mlitazame hilo kwa macho ya mpita njia. Alasiri, kichochoro chembamba, vijana wanne wenye nyuso nzito, kitu kirefu kiasi kimefunikwa shuka, na mimi nyuma nimeinamisha kichwa kwa sababu mgongo uliniuma. Kinyozi akazima mashine. Wanaume wawili wakanyanyuka kwenye kibaraza, wakavaa makubadhi, wakaja kupokea jeneza, ndivyo wanavyofanya watu waliolelewa, mmoja akatia bega akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto wa nani?" Nikamwambia ni friji. Hakuliachia bega. Alibeba mpaka uani, akaiweka chini taratibu, akajifuta jasho, kisha akasema maneno ambayo mtu aliyetoka kubeba jeneza hayasemi.

Iliporudi garini likaja lile neno la kuteremka. Friji hii haina pampu. Mvuke ndani yake hupanda kwa moto na majimaji hurudi kwa kushuka yenyewe, kwa hivyo ikiinama hata nyuzi tatu kioevu hujikusanya pasipo pake, bomba la moto linabaki kavu, na ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani huungua ikaganda ikaziba njia. Ikishaziba hakuna mzee wa zahanati wa kuifufua. Inataka sakafu sawa, inataka itulie, na inataka iwashwe jioni ili ipoe kesho yake. Niambieni nyinyi ni akili gani ilichukua chombo chenye tabia za bibi wa miaka tisini ikakitia ndani ya gari la kwenda mbugani.

Nikaazima pimamaji kwa mwashi. Upande wa bahari tukaunyanyua kwa vipande vya matumbawe vilivyobaki nyumba ya jirani ilipokarabatiwa, mawe yale yale yaliyojenga mji huu. Kigololi cha hewa kikaenda kushoto, kikaja kulia, tukaongeza jiwe, tukapunguza, shemeji akasema sasa basi, mzee akasema bado. Magharibi ilitukuta tukibishana juu ya unene wa kigae. Tulipoweka pimamaji juu ya friji na kigololi kikasimama katikati, nikawasha moto, nikaenda zangu.

Alfajiri, kabla sijavaa vizuri, mama mkwe alikuwa mlangoni. Bilauri ya maji aliyoiweka ndani kwa kujaribu imeganda mpaka katikati. Hakusema ahsante, alisema kuna vipande vya nguru vilivyoletwa jana, avitie?

Avitie, nikasema. Nguru wakaingia. Mchana wakafuatwa na tui la nazi na maziwa ya mtindi. Halafu stima ikakatika mtaani. Sote twaukumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi nzima ilipozimika kuanzia huku pwani mpaka bara, na tangu hapo taa ikipepesa tu mtu mwenye friza hushika moyo. Kuna mama hapa kwetu huuza barafu za ukwaju na ubuyu kwa watoto wa madrasa, ndiyo riziki yake. Alikuja mbio na beseni kichwani, akaona mwanga wa buluu chini ya gari la shemeji, na hakuna binadamu aliyekuwa na moyo wa kumwambia hapana. Nyuma yake akaja mwenye dawa ya sukari ya kuhifadhiwa baridi, na huyo hata huulizi. Nyuma yake akaja mwenye pweza. Huyo ungeuliza, lakini alikuwa ameshaingia.

Stima ilirudi. Vitu havikurudi kwa wenyewe. Friji ya umeme, wanasema, haiaminiki. Hii ya moto ndiyo friji.

Kisha shemeji akapata watalii. Jozi ya wazee wa Kiholanzi, wapole, walitaka siku chache Tsavo Mashariki, na bei hawakuibishia. Akaja asubuhi na funguo mkononi, kavaa kofia ya safari. Akamkuta mama mkwe amekaa kitako kwenye ngazi ya gari, anachambua mchele.

"Mama, nalitoa gari."

"Kwenda wapi?"

"Tsavo."

"Na nguru?"

Akamweleza habari ya wageni, ya malipo, ya hoteli ya magurudumu. Mama akaendelea kuchambua. Akamuuliza kama ukitoa jiwe moja la matumbawe pale chini, friji itabaki sawa. Shemeji akaniangalia mimi. Nikasema ukweli, kwamba itainama. Akamuuliza kama barabara ya Tsavo imenyooka. Nikasema ukweli tena. Waholanzi walikwenda Tsavo kwa gari la mtu mwingine, na shemeji aliivua ile kofia akaitundika ndani ya gari, ambako sasa inafunikia pweza.

Friji hula kama robo kilo ya gesi kwa siku, na mtungi wa kilo 6 huisha kama unavyoisha mshahara. Unapoisha, mtaa wote husahau kwamba gari ni la shemeji. Hunigongea mimi, kwa kuwa mimi ndiye fundi. Juzi, kwa joto hili, nilikwenda kuomba nafasi ya chupa moja ya maji. Mama mkwe akafungua mlango, akachungulia, akasogeza barafu, akasogeza dawa, akasogeza kichwa cha samaki, akafunga.

"Leo hapana, mwanangu," akaniambia. "Ndoo kesho. Na ukija, ndoo na mtungi."